Nguo za sufu za kukalia juu ya mti: namna ya kujipanga ukienda kuwinda Novemba

Wakuu, kila mwaka ikikaribia Novemba napata meseji zilezile kutoka kwa Wabongo na Wakenya wa huku Minnesota, Marekani, ambao ndo wanaanza kwenda porini kuwinda dia, swali ni moja tu, nivae nini nisigande. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi kwa hiyo naandika yote hapa, ukiulizwa na mwenzio mrushie. Dia ninaosema ni wale wa mkia mweupe, wengine wanawaita kulungu lakini kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa so tuendelee na dia.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu Juni na Julai unaamka unakuta majani meupe kwa sakitu, bibi anapika chai kavaa koti na kilemba, kwa hiyo nilivyokuja huku nilijiona baridi naijua vizuri na nikawa nawacheka watu wa Tanga. Sikuijua. Baridi ya Njombe jua likitoka ikifika saa nne inaanza kuondoka yenyewe. Huku jua linatoka, linawaka kabisa macho yanauma, na baridi ndo kwanza inazidi. Halafu kuna kitu watu wengi hawakifikirii, baridi ya kupiga koleo theluji au ya kusubiri basi sio hii. Ukipiga koleo mwili ni jiko linawaka. Juu ya mti umekaa masaa manne, matano, husogei, hukohoi, mwili unabaki kama jiko lililozimwa tangu jana, na nguo haitengenezi joto jamani, nguo inatunza joto ulilonalo tu.

Msimu wangu wa kwanza nilivaa hivi: fulana ya pamba, sweta la kofia nalo la pamba, jinsi, chini yake taiti ya pamba, soksi pea tatu, afu juu koti la nailoni lile la kuvimba ambalo lebo yake ilisema linafaa mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Shingoni nikajifunga khanga ya mke wangu. Nikajiangalia kwenye kioo nipo kama gunia la mkaa, nikasema baridi ije sasa. Kutoka tulipopaki gari mpaka kwenye mti ni kama dakika 25 kwa mguu, gizani, kuna kakilima kamoja, nina begi na bunduki. Nimefika fulana imelowa chapachapa utafikiri nimetoka kucheza mpira. Nusu saa ya kwanza safi kabisa, nilikuwa nasikia joto nikawa najipongeza, saa moja na nusu asubuhi meno yameanza, saa mbili natetemeka mpaka stendi, kile kiti cha chuma kinachofungwa kwenye mti, inatetemeka na mimi, ile khanga imelowa kwa pumzi yangu ikaganda ikawa kama bati. Akatokea dia, jike zuri, mita 40 hivi. Nikasogeza mkono, lile koti likapiga kelele shwaaa, dia akaniangalia usoni kabisa akaondoka zake. Mzee wa kazini aliyenipeleka alipokuja kunishusha hakunicheka, alinishika mgongo kwa mkono wake akasema umelowa, basi, na hapo ndo somo lilipoanzia.

Kwa hiyo kabla ya kuongelea nguo yoyote shika hili: adui wa kwanza sio baridi, ni jasho lako mwenyewe la njiani. Mtu anaganda saa tatu kwa sababu ya alichovaa saa kumi na moja alfajiri. Mambo ya leya, yaani nguo unazovaa moja juu ya nyingine, nitakayosema hapa chini yote yanazunguka hapo.

Sasa sufu. Sufu na sio sufi, maana kuna jamaa nilimwambia anunue sufu akaniuliza ile ya kujazia mito? Hapana, ile ni ya mti wa msufi. Sufu ni manyoya ya kondoo, huku ukisoma lebo inaandikwa wool, na ile laini zaidi inatoka kwa kondoo wanaoitwa merino. Uzi wa sufu umejikunjakunja kama nywele zetu, ndo maana unashika hewa katikati, na hewa iliyotulia ndo joto lenyewe. Cha pili, sufu inanyonya mvuke wa jasho ndani ya unyoya mpaka karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaisikia kuwa mbichi, na inaponyonya inatoa joto kidogo, sio utani, ni mambo ya kemia. Pamba yenyewe inakunywa maji inayakumbatia halafu inakulalia ngozini, joto lako lote linaishia kupasha yale maji. Ila asikudanganye mtu kwamba sufu ikilowa inakuwa sawa na kavu, hapana, inapungua sana, tofauti ni kwamba hailali bapa, inabaki imesimama na kahewa kake ndani kwa hiyo unateseka ila unarudi nyumbani.

Na kwa mwindaji kuna faida nyingine mbili ambazo mtu wa kutembea tu hazimhusu. Sufu haina kelele. Tawi likikwaruza koti la sufu husikii kitu, likikwaruza nailoni kijiji kizima kimejua. Halafu haishiki harufu ya jasho kama polista inavyoshika, fulana ya merino nimeivaa siku tatu kambini na hakuna aliyelalamika, ya polista siku ya kwanza jioni mwenyewe unajikimbia. Tukiwa kambini pia cheche ya moto ikiruka kwenye sufu inaacha kadoa tu, kwenye nailoni inatoboa na kuyeyukia kwenye ngozi.

Ubaya wake: upepo unapita, nzito, ikilowa kweli inachelewa kukauka, na ile ya bei chee inawasha. Yote yana dawa.

Leya ya kwanza, inayogusa ngozi. Hapa usibane pesa, ukipata hela kidogo zipeleke hapa kwanza. Merino nyembamba, uzito wa gramu 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba (lebo nyingi zinaandika hiyo namba), juu na chini, shati la mikono mirefu na taiti. Ikae karibu na mwili ila isikubane. Kama ngozi yako inawashwa tafuta iliyoandikwa maikroni 18 au 19 kushuka chini, huo ni unene wa unyoya, ukiwa mwembamba hauchomi, unajikunja. Nunua mashati mawili. Moja la kutembelea, moja la kukalia. Nikiambiwa nichague kati ya koti zuri na shati la pili la merino nachukua shati, na ninaongea kama mtu aliyeganda.

Kuna kitu kingine ukikiona utacheka, fulana ya nyavu. Kweli, nyavu, ina matundu makubwa kama ya kuvulia samaki. Mwaka 1933 mwanajeshi mmoja wa Norway anaitwa Henrik Brun alichukua nyavu za kuvulia samaki akatengeneza fulana, wazo likashika, na Wanorway mpaka leo wanavaa, kampuni ya Brynje inazishona kwa merino. Matundu yanashika hewa na jasho linapita kwenda leya ya juu badala ya kukaa mgongoni. Ukivaa peke yake unaonekana kama mvuvi wa Feri aliyenaswa na nyavu yake mwenyewe, ukivaa chini ya shati la merino inafanya kazi ajabu, hasa kwa sisi tunaotoka jasho sana.

Leya ya kati ndo jiko lenyewe. Sweta za sufu, nene kiasi, gramu 250 mpaka 400. Hapa kanuni yangu ni mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwanza kati ya sweta na sweta kuna hewa nyingine ya bure, pili unaweza kuvua moja ukabaki na moja, sweta moja nene ukilivua umebaki uchi. Watu wa Woolpower kule Östersund, Sweden, wana kitambaa cha sufu chenye vitanzi ndani kama taulo, walikitengeneza miaka ya sabini mwanzoni wakishirikiana na jeshi la Sweden, kipo cha gramu 200, 400 na 600. Mimi nina cha 400 chenye zipu shingoni na ndo nguo ninayoipenda kuliko zote nilizonazo, naivaa mpaka dukani. Zipu ya shingoni usiidharau, ukishusha zipu wakati unatembea unatoa joto jingi bila kuvua kitu. Ukiweza ongeza na kizibao cha sufu, kile kisicho na mikono, kinapasha kifua na mgongo afu mikono inabaki huru kwa bunduki.

Cha muhimu leya zipande saizi. Kama wewe ni L ya kwanza iwe L, ya kati L au XL, koti XL au zaidi. Watu wananunua zote saizi moja wanazisokomeza, hewa yote imekamuliwa imetoka, umevaa nguo nne zinafanya kazi ya moja na nusu na mkono haukunji. Ukivaa zote nyumbani chuchumaa, nyoosha mikono mbele, jikumbatie. Ikivuta popote imebana.

Leya ya nje hapa Marekani ina historia yake. Yale makoti ya miraba mekundu na meusi unayoyaona kwenye picha za wazee wa zamani yalivaliwa sana na wakata mbao na wawindaji, Woolrich walianza Pennsylvania 1830, Johnson Woolen Mills wa Vermont tangu 1842, Filson wa Seattle walianza 1897 kuwavalisha watu waliokuwa wanakimbilia dhahabu Klondike, kule Canada. Hayo makoti ni sufu nzito iliyofinyangwa mpaka nyuzi zimeshikana, theluji inakaa juu unaipangusa, mvua ndogo haiingii haraka. Mapya ni ghali, bei yake mtu Bongo anapata pikipiki iliyotumika, nitarudi huko kwenye mitumba.

Upepo. Koti la sufu hata zito upepo ukikaza unapita, na juu ya mti hakuna ukuta. Angalia, nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inasikia kama 20 chini. Wengi wanakosea wanavaa jaketi la upepo juu kabisa, kelele zimerudi. Weka jaketi jembamba la kuzuia upepo KATIKATI, juu ya sweta na chini ya koti la sufu, koti linameza kelele na upepo unaishia pale. Iwe nyembamba kweli, ile inayokunjika ikaingia mfukoni, na inayopumua, ukivaa la mvua lile la plastiki jasho litabaki ndani na tumerudi mwaka wangu wa kwanza.

Na juu ya yote inakaa rangi ya chungwa inayowaka. Minnesota msimu wa bunduki, ambao hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 6 Novemba, sheria inataka kofia na nguo ya juu kuanzia kiunoni iwe ya hiyo rangi, mikono ya koti na glavu hazihesabiwi, na tangu 2017 waridi kali nayo inaruhusiwa. Kwa hiyo nunua kizibao cha chungwa kikubwa cha kuvaa juu ya koti lako nene, sio saizi yako ya kawaida. Nimeona jamaa kavaa kizibao afu kasikia baridi kavaa koti la kijani juu yake, hiyo ni kesi na ni hatari, mwenzio yupo msituni na bunduki. Na kwa mgeni, kama umezaliwa baada ya 1979 utahitaji kwanza cheti cha kozi ya usalama wa bunduki ndo ununue leseni, mambo ya vibali vya wageni ni mada ndefu ya siku nyingine.

Suruali, za sufu vilevile, na usitumie mkanda wa kiunoni, tumia kanda za mabegani. Mkanda unakaza leya tatu kiunoni, unakata hewa, na suruali ya sufu ni nzito inashuka ukipanda ngazi. Hakikisha pia zipu na vifungo vya mbele vya leya zote vinalingana mahali pamoja, nadhani wanaume mmenielewa, kutafuta njia kupitia nguo tatu na vidole vilivyoganda uko mita tano juu ya ardhi sio jambo la kujifunzia hukohuko. Nenda na chupa.

Sasa kutembea kuingia porini, hapa ndo penyewe. Ukishuka kwenye gari uwe na merino moja, sweta jembamba moja au hata bila sweta, suruali, kizibao cha chungwa, kofia nyembamba. Basi. Kila kitu kingine kwenye begi au kimefungwa juu ya begi. Dakika kumi za kwanza lazima usikie baridi, kama ukishuka unasikia raha umevaa sana, vua. Ni ngumu sana kichwani hii, mtu wa kwetu kuvua nguo kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri anaona ni uchawi, mke wangu mpaka leo haamini. Tembea polepole, ondoka nyumbani nusu saa mapema zaidi ili usikimbizane na mapambazuko. Ukisikia mgongo unaanza joto simama, shusha zipu, toa kofia.

Ukifika chini ya mti usipande na usivae. Simama dakika tano mwili utulie, mvuke utoke. Afu vua lile shati la kutembelea, ndio, kifua wazi, ni sekunde ishirini za maumivu, jifute na kitambaa, vaa shati kavu la kukalia na ubadilishe soksi. Hapohapo vaa leya zote, sweta, jaketi la upepo, koti, chungwa juu. Usisubiri mpaka usikie baridi ndo uvae, ukishaanza kutetemeka sweta halitakurudisha kirahisi. Shati bichi tia kwenye mfuko wa plastiki uufunge.

Mkanda wa usalama wa kukufunga kwenye mti uvae juu ya nguo zote na uurekebishe ukiwa na nguo zote, sio ulivyoupima sebuleni na fulana. Watu wanaanguka sana na nguo nene, miguu haisikii ngazi. Bunduki pandisha kwa kamba ikiwa haina risasi. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: koti nene linasogeza kitako cha bunduki mbele, kinakwama kwenye nguo za begani, unakosa shabaha. Fanya mazoezi nyumbani na nguo zote, bunduki tupu, inua mara ishirini mpaka mkono uzoee. Wa upinde na mshale wao wafunge mkono wa koti na kamba au mpira, uzi wa upinde ukishika sufu mshale unaenda kwa jirani.

Miguu nitakaa nayo kidogo kwa sababu miguu ndo inayorudisha watu nyumbani. Pea tatu za soksi ni kosa la kila mgeni, nami nilifanya. Buti likijaa damu haipiti vizuri na hewa hamna, vidole vinakufa ganzi ndani ya utajiri wa soksi. Soksi moja nyembamba ya merino, juu yake moja nene ya sufu, na buti liwe kubwa kiasi kwamba unaweza kuchezesha vidole vyote vitano bila kugusa kitu. Buti za hapa zenye soksi ya ndani ya sufu iliyofinyangwa, ile unayoweza kuitoa, ndo nzuri kwa kukaa, kila usiku unaitoa unaianika karibu na hita maana imekunywa jasho hata kama huioni. Kama buti lako halina hiyo weka soli ya ndani ya sufu, baridi kubwa inatoka chini, kwenye chuma cha stendi. Mimi nabeba kipande cha zulia la zamani nakanyagia, dola sifuri, watu wananicheka afu mwaka unaofuata nawakuta nao wamebeba. Matakoni hivyohivyo, sponji nene ya kukalia, hata ile ya kupigia magoti bustanini inatosha.

Mikono: glavu za vidole peke yake hazitoshi ukiwa umekaa. Vaa glavu nyembamba ya merino ya kushikia bunduki, juu yake ile glavu ya mfuko mmoja yenye dole gumba tu, vidole vinapashana kama watoto kitanda kimoja. Dia akija unavua ya juu. Vile vifuko vya kupasha mikono, vya unga wa chuma, vinahitaji hewa ndo vifanye kazi, ukivisokomeza ndani ya glavu iliyobana vinazima, vifungue robo saa kabla. Kimoja weka ndani ya kiganja upande wa mshipa wa mkono na sio kwenye vidole, damu inapita pale ikienda vidoleni.

Kichwa kofia ya sufu ya kuziba masikio, shingoni skafu ya mviringo ya merino. Khanga iache kwa mama watoto. Skafu ukiivuta puani itapata barafu kidogo, ukiigeuza nyuma mbele inaendelea.

Ngapi uvae nyuzi ngapi? Mimi ikiwa sifuri hadi tano juu na mvua ndo naogopa zaidi kuliko theluji kavu ya 12 chini, mvua baridi inaua sufu na inakuua na wewe, siku hizo leya moja ya kati na jaketi la mvua karibu, ikizidi narudi nyumbani sina aibu. Kwenye 5 chini leya mbili za kati. Kwenye 12 chini zote pamoja na jaketi la upepo. Ikishuka zaidi ya 18 chini nakaa masaa mawili tu nashuka natembea, nakunywa chai ya tangawizi, napanda tena.

Na usiangalie hali ya hewa ya asubuhi tu, angalia ya siku nzima. Wazee wa huku wanaikumbuka tarehe 11 Novemba 1940, asubuhi kulikuwa na joto la ajabu kwa mwezi ule, watu wakaenda kuwinda bata mtoni Mississippi na vijaketi vyepesi, mchana ikageuka dhoruba ya theluji na upepo mkali. Minnesota peke yake walikufa watu 49 na karibu nusu walikuwa wawindaji wa bata. Kwa hiyo sweta la ziada na kofia kavu vinakaa kwenye begi langu hata siku ya jua, ni kilo moja tu.

Ukianza kutetemeka huwezi kujizuia shuka. Ukiona umeacha kutetemeka bila kupata joto, au mdomo mzito kama umelewa, au huwezi kufunga kifungo, hapo sio baridi ya kuvumilia tena, shuka ukiwa bado unaweza na umpigie mwenzio. Na kuhusu ile chupa ndogo ya mfukoni ya kupasha mwili, Konyagi haipashi, inapeleka damu kwenye ngozi unasikia moto huku joto la ndani linatoroka. Tena na bunduki mkononi, acha kabisa.

Sasa hela. Hakuna sababu ya kununua vipya, sisi ni watu wa mitumba tangu kuzaliwa, Karume na Gikomba zimetufundisha kuchambua marobota. Huku nenda maduka ya vitu vilivyotumika mwezi wa nne mpaka wa saba, wakati hakuna anayefikiria baridi. Pita kwenye sweta zote kwa mkono macho yamefumbwa, sufu inajulikana, ina uzito na kaubaridi fulani, akriliki, ile sufu ya bandia, inateleza kama nywele za bandia. Afu soma lebo, unataka asilimia 80 kwenda juu. Lebo imekatwa? Chomoa uzi kwenye pindo la ndani ukishanunua, uwashe: sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima yenyewe, majivu yanasagika, akriliki na polista zinayeyuka zinabaki kashanga kagumu. Maduka ya nguo za jeshi yana suruali za sufu za majeshi ya Ulaya, nzito, mbaya kwa sura, dia hajali. Koti langu la nje nililipata dola 14, limekatika mfuko mmoja. Na jamani shuka ya Kimasai msije mkaibeba mkidhani ni sufu, nyingi ni akriliki, nimeona mtu kaibeba.

Harufu: usihifadhi nguo za kuwindia kabatini karibu na jiko. Nyumba zetu tunazijua, Jumapili pilau, Jumatano samaki wa kukaanga, sufu inameza moshi wa kitunguu saumu na dia anaunusa kabla hujapanda ngazi. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko, gereji. Lifunge kweli kwa sababu nondo wa nguo wanakula sufu, na wanaipenda zaidi ile chafu yenye jasho, kwa hiyo fua kabla ya kuhifadhi.

Kufua ni maji ya baridi, sabuni maalum ya sufu au shampuu kidogo isiyonukia, hamna jiki, hamna kusugua. Usikamue kwa kupindapinda, ilaze kwenye taulo uviringishe ukandamize, afu ianike imelala, ukiitundika inarefuka mikono inafika magotini. Draya usiiguse. Sweta langu la kwanza la maana, la gramu 400, nililitia draya moto mkali dakika arobaini nikiwa naangalia mpira. Binti yangu wa miaka sita analivaa kwenda shule mpaka leo na linamkaa vizuri sana, halina hata tundu.